Jahazi lipande na maji lizungushe dainamo tupate barafu ya samaki: nakosea wapi?

kijana_wa_langoni
Assalamu aleikum jamani. Naomba msinicheke mpaka mumalize kusoma. Mie si injinia, nilimaliza fomu foo nikaingia kutengeneza simu hapa Langoni, mtaa wa Amu (Lamu), lakini kichwa changu hakitulii, kila kitu nikikiona nauliza mbona nguvu hii yapotea bure.

Sasa kisa chenyewe. Ami yangu ana mashua, yeye na vijana 3 hutoka Amu wakapita upande wa Kiwayu wakalala baharini siku 2, pengine 3 upepo ukikataa. Hubeba barafu kwenye sanduku la mbao. Siku ya kwanza mambo sawa, siku ya pili ukifungua ndani ni maji ya baridi tu na samaki aina ya changu wanaogelea wakiwa wamekufa, siku ya tatu macho yashaingia ndani, matamvua yamebadilika rangi na tajiri akiwaona tu anajua, bei anaitaja yeye. Kwa hivyo mtu amechoma petroli, amekesha, amepigwa na kusi, alafu nusu ya jasho limeyayuka kwenye sanduku.

Jioni nakaa pale pwani kwenye baraza natazama jahazi lililofungwa gatini. Maji yakijaa lapanda, yakipwa lashuka, bamvua (maji makubwa) likiwa kali ni kama mita 3. Tani 10 zainuliwa mara mbili kwa siku na hakuna anayelipa tokeni!! Aidia yangu ni hii: tufunge kamba kutoka kwenye jahazi hadi kwenye pipa la kuzungusha lililoko gatini, pipa liwe na gia za pikipiki kuukuu ili mzunguko wa polepole uwe wa haraka, lizungushe dainamo, dainamo ichaji betri, betri iendeshe friza, barafu itoke hapo hapo gatini usiku na mchana, kusi na kaskazi, jua liwe lisiwe.

Nina aidia nyengine 2 za akiba. Ya kwanza mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga uliorowa, nimeona video ya Nigeria. Ya pili maji yaanikwe darini usiku kwenye sinia pana yapoe kwa mbingu, nasikia Uajemi zamani walipata barafu hivyo jangwani. Nambieni nakosea wapi, na kama sikosei nambieni nianze na pesa ngapi.

mchokozi_wa_baraza
Mbona unajisumbua na maji, chukua mota izungushe jenereta, jenereta iwashe ile ile mota, inayobaki uuzie jirani. 😂

kijana_wa_langoni
Hiyo hata mie najua haiwezi, ingekuwa yawezekana fundi wote wa Mombasa wangekuwa matajiri. Yangu ina nguvu yatoka nje, yatoka kwa mwezi. Si kitu kimoja.

fundi_sola_malindi
Kijana yuko sawa, msimchanganye na hadithi za mota na jenereta. Nguvu ya maji kupwa na kujaa ni ya kweli kabisa, Ufaransa pale La Rance wana mtambo wa megawati 240 tangu 1966, Korea Kusini wana Sihwa wa megawati 254. Shida yako si kama nguvu ipo, shida ni ngapi. Hebu tupige hesabu pamoja, chukua kalamu.

Kuinua tani 10 mita 3 ni kilo 10,000 mara 9.8 mara 3, unapata jouli 294,000. Yasikika nyingi eeh? Yuniti moja ya stima ile unayonunua kwa tokeni ni jouli 3,600,000. Kwa hivyo jahazi zima likipanda mara moja ni 0.08 ya yuniti. Haijafika hata sehemu ya kumi!! Maji yajaa mara 2 na yapwa mara 2 kwa siku, tuseme una ujanja wa kuchukua nguvu likipanda na likishuka pia, hiyo ni mara 4, unapata thuluthi moja ya yuniti kwa siku nzima, na hapo sijatoa gia, kamba, dainamo wala betri, kila mmoja anakula chake.

Sasa barafu. Kilo 1 ya maji ya nyuzi 30 mpaka iwe barafu lazima utoe joto kama jouli 460,000, na sehemu kubwa, 334,000, si ya kupoza, ni ya kugandisha tu, maji yashafika sufuri lakini bado hayataki kuwa jiwe. Friza nzuri hutoa joto mara 2 hivi ya stima inayokula. Piga hesabu, jahazi lako la tani 10 kwa siku nzima bila kupoteza chochote linakupa kilo 5 za barafu. Ukiingiza hasara shukuru ukipata 3. Ndoo moja ndogo bwana. Na ujue likipanda haliwezi kuvuta kamba kwa tani 10, ukilishika kwa nguvu hiyo litazama kwanza, litavuta kwa kadiri ya ubavu uliobaki juu ya maji.

kijana_wa_langoni
Wallahi hiyo kilo 3 imeniuma. Nimerudia hesabu mara 4 kwenye simu nikidhani umekosea sufuri. Lakini fundi sasa hao Wafaransa megawati 240 wanazitoa wapi kama kupanda maji ni kitu kidogo hivi?

fundi_sola_malindi
Swali zuri. Wao hawainui chombo, wameziba mdomo wa mto wote kwa ukuta, maji yanayoingia na kutoka ni kilomita za mraba, si jahazi moja. Alafu kule maji yapanda wastani wa mita 8 na siku za bamvua yapita 13. Na ukiwa na bwawa nguvu haiongezeki sawasawa na kimo, yaongezeka kimo mara kimo, manake kimo kikizidi maji ni mengi zaidi na pia yanaanguka kutoka juu zaidi. Mita 8 dhidi ya 3 si mara 2 na kitu, ni mara 7.

Kama wataka bahari basi usitazame kupanda, tazama mkondo. Panka chini ya maji pale yanapokimbia kwenye Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde, kila mita moja ya mraba ya panka inapitiwa na wati 500 hivi, wewe utashika labda 150. Lakini mwendo ukipungua nusu, nguvu haipungui nusu, inabaki sehemu ya 8. Wati 150 zinakuwa 19, taa 2 tu. Na maji yakigeuka panka linasimama kabisa, wewe wa Amu unayajua haya kuliko mie.

nahodha_mstaafu
Vijana nawasoma tangu juzi, macho yashachoka lakini mazungumzo matamu. Hilo panka mtaliweka chini ya maji miezi mingapi? Chombo changu kilikuwa kikikaa majini wiki kadhaa tu chini kinashika magamba mpaka mwendo wapotea, twakipandisha mchangani twakichoma twakikwangua twatia deheni upya. Hizo panka zenu za chuma na plastiki nani atazipaka deheni?

Na huo Mkanda wapita mashua za mashini, wapita jahazi, wapita watalii. Ukiweka kitu chini pale mtu atakipiga usiku.

Nikirudi nyuma kidogo. Kijana, wewe umelalamika barafu yayayuka, alafu suluhu yako ni kutengeneza barafu zaidi. Mtumbwi ukivuja wewe waongeza watu wa kufua maji ama waziba tundu? Hilo sanduku la ami yako ni la mbao namna gani?

kijana_wa_langoni
Shikamoo mzee. Ni mbao za kawaida inchi 1, ndani limepakwa rangi ile ya mashua, kifuniko kimelegea upande mmoja. Urefu kama mita na kitu hivi.

gongoni_chumvi
Salamu kutoka Gongoni. Niko kwenye mashamba ya chumvi karibu na Malindi, kwa hivyo habari ya nguvu ya bure naiona kila siku kwa macho na miguu yangu ishapasuka kwa ajili yake. Nataka kumpa kijana kitu cha kufikiria.

Sisi twaingiza maji ya bahari kwenye madimbwi, jua na upepo vyafanya kazi, maji yaondoka chumvi yabaki. Hakuna mashine zaidi ya pampu. Kukausha lita 1 ya maji kwataka jouli 2,400,000 hivi, na dimbwi siku nzuri ya kaskazi lapoteza kama milimita 5, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni zaidi ya yuniti 3 za joto kwa mita moja, kwa siku, bure. Heka 20 na kitu tu za chumvi zameza joto kwa siku sawa na stima ya siku nzima ya ule mtambo wa sola wa Langobaya wa megawati 40. Najua joto si stima, msinishike shati hapo. Nasema tu watu wakisikia sola wanafikiri kioo cha buluu juu ya bati, na kumbe babu zetu walikuwa na sola.

Kuna kitu kinaitwa dimbwi la chumvi la kushika joto. Chini maji ya chumvi nzito, juu maji matamu. Kawaida maji ya moto hupanda, lakini haya ya chini ni mazito kwa chumvi, hayawezi kupanda hata yakiwa moto, basi joto la jua linanaswa chini, laweza kufika nyuzi 80 na zaidi huku juu wanywesha punda. Israeli walifanya, Marekani pale El Paso walifanya, India pale Bhuj walifanya. Joto hilo laweza kuendesha friza isiyo na kompresa, zile za amonia kama friji za mafuta ya taa walizokuwa nazo wazee wetu.

fundi_sola_malindi
Gongoni umenifurahisha. Na kuna nyengine ya kwetu zaidi, makaa ya vifuu vya nazi. Yakitengenezwa vizuri yanakuwa na vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, usiku yanafyonza mvuke wa spiriti aina ya methanoli na kule methanoli inakotoka panaganda, mchana jua linayachoma yanaitema tena, hakuna kitu kinachozunguka hata kimoja. Watafiti wametengeneza mashine za barafu za namna hiyo, hii si ndoto.

Lakini kijana USIJARIBU nyumbani. Methanoli yapofusha na yaua, amonia ikivuja kwenye chumba kidogo cha Mkomani mtaa mzima utahama. Na barafu inayotoka kwa kila mita ya mraba ni kilo chache. Paneli ya kawaida ya wati 200 kwa jua letu hutoa karibu yuniti 1 kwa siku, ukiwa na friza ya maana, hasara ikishatolewa, hiyo ni kilo 10 za barafu. Paneli moja imeshinda jahazi la tani 10!! Mie ningeenda huko. Na usinunue betri kubwa, acha kompresa ifanye kazi mchana jua likiwepo, barafu yenyewe ndiyo iwe betri. Zile friji za chanjo za sola zinazopelekwa vijijini nyingi zafanya hivyo, mchana zagandisha, usiku zaishi kwa barafu.

Mitungi yako nayo tuimalize. Ule mtungi wa Nigeria ni wa kweli, mwalimu Mohammed Bah Abba alipata nao tuzo ya Rolex, lakini kule kaskazini mwa Nigeria hewa ni kavu. Mtungi hupoa kwa sababu maji yanakauka, na hapa pwani hewa yenyewe ishajaa maji, nguo tu ukianika kwa kivuli inakaa siku nzima. Hewa ya nyuzi 30 ya kwetu itakupa mtungi wa nyuzi 26 hivi. Maji ya kunywa matamu, samaki hapana. Na sinia la darini shida ni ile ile, mbingu ya jangwani haina mvuke, yetu imefunikwa blanketi.

mamake_malai
Mie nauza malai na barafu za nailoni hapa Amu miaka mingi, nawaona wanaume mwapiga hesabu za mwezi na Israeli, mwaniacha hoi. Niwaambie stima yangu niliipunguza vipi na sikununua kitu.

Friza yangu ilikuwa jikoni karibu na jiko. Fundi mmoja alikuja kwa jengine akaniambia bibi hii mashine yatoa joto nyuma, wewe waipa joto zaidi, yapumulia wapi. Nikaihamishia chumba cha chini cha kuta nene za mawe, nikaiacha nafasi ya mkono mmoja na ukuta, nikapangusa vumbi kule nyuma lililokuwa kama blanketi. Alafu akanionyesha ule mpira wa mlango. Weka noti kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka bila kushika hapo baridi yatoka usiku kucha. Yangu ilitoka pande 2. Niliosha mpira kwa maji ya moto na sabuni ukalainika ukarudi, upande mmoja tu ndio nilibandika.

Tokeni iliyokuwa ikienda wiki sasa yaenda siku 9, 10. Na watoto nimewapiga marufuku kufungua fungua, mwenye kutaka barafu aniite mie.

kijana_wa_langoni
Bi mkubwa hiyo ya noti nimejaribu sasa hivi kwa friza ya jirani, imetoka kama yatoka kwenye kitabu. Ntamwambia.

fundi_sola_malindi
Nimerudi na hesabu ya nahodha manake tangu aseme kuhusu kuziba tundu sijalala. Sanduku la ami tuseme lina mita 1 na nusu ya mraba ukihesabu pande zote. Mbao ya inchi 1 peke yake, nje nyuzi 30 ndani sufuri, joto linaloingia ni kama wati 140. Kwa siku nzima linayayusha zaidi ya kilo 35 za barafu. Thelathini na tano!! Ukiweka lile povu gumu jeupe sentimita 5 linaingia joto la wati 30, unapoteza kilo 8. Kwa hivyo barafu kilo 27 kwa siku zatoka kwenye ukuta wa sanduku, bila jahazi, bila paneli. Kijana weka zile gia za pikipiki kando kwanza.

nahodha_mstaafu
Sasa mwasema. Na hilo povu jeupe kama ni ghali ama lavunjikavunjika, kumbi za nazi je? Amu hii kumbi zatupwa. Makumbi makavu, yachambuliwe yawe nyuzi, yashindiliwe lakini si sana. Zamani barafu ikija twaifunika kwa magunia na kumbi, hatukujua wati.

Sharti yasirowe. Yakirowa hayafai kitu, yawa kama nguo mbichi mwilini.

fundi_sola_malindi
Mzee umemaliza. Nyuzi za kumbi kavu hazijaachana sana na povu, labda uongeze sentimita 1 au 2. Zifungeni kwenye nailoni nzito, mkitaka nailoni 2, ndani mbele yake plaiwudi. Kifuniko ndio muhimu kuliko pande zote, kipate mpira. Na maji yanayoyayuka yatoke kwa bomba dogo lenye kizibo, msiache samaki waogelee.

kijana_wa_langoni
Jamani nimerudi baada ya wiki 3, nilikuwa kimya manake nilitaka nije na kitu mkononi.

Nilitengeneza visanduku 2 vidogo sawasawa, sentimita 40 kila upande, mbao za inchi 1. Kimoja nikakiacha hivyo hivyo, cha pili nikakitia kumbi kwa ndani kama mlivyosema, sentimita 5, nailoni 2, plaiwudi. Kuchambua kumbi kulinichukua siku 2 na mikono imekuwa kama ya mjenzi wa majahazi wa Matondoni. Nikanunua barafu kwa mamake malai (alinipunguzia, Mungu ambariki), kilo 10 kila sanduku, nikapima kwa mizani ya duka la samaki, nikaweka vyote kivulini ua wa nyumba yetu saa 12 asubuhi.

Cha mbao tupu, saa 10 alasiri nikifungua kilikuwa na kipande kama ngumi. Magharibi hakuna kitu.

Cha kumbi sikukifungua mchana, nilijizuia kwa shida. Nikakifungua saa 12 asubuhi ya pili. Nikamwaga maji nikapima nikapata kilo 4 na robo!! Nilimwamsha ami aje aone, akatia mkono ndani akautoa akautazama, akauliza tu, "na la kwangu utalifanya lini?"

Tumelianza la mashua wiki hii. Kosa nishalifanya moja, kifuniko nilishona nailoni kwa sindano, maji yakaingia kwenye vitundu vya uzi, kumbi za kifuniko zimerowa zimeanza kunuka, nazitoa zote leo, safari hii nabandika kwa pasi. Na panya wa Langoni amependa sana lile sanduku la majaribio, ashafanya nyumba upande wa nyuma.

Fundi, ile paneli ya wati 200 na friza ya mchana sijaisahau, hiyo ni ya mwakani. Kwa sasa nataka kitu kidogo, ami anatoka bamvua likipita, je kuna mtu Amu ama Shela ana kipimajoto cha kuazima cha siku 3 ambacho kikirowa maji ya chumvi hatanifuata nyumbani?

mchokozi_wa_baraza
Mie ninacho cha hospitali cha kwapani. Samaki akiwa na homa utajua.

mamake_malai
Pita kwangu baada ya alasiri, nina kile cha friza. Kirudi kikiwa kizima.